Nani Aliyeshika Kalamu? Mila na Ukristo katika Fasihi ya Wacherokee

Utangulizi

Sisi tunaosoma fasihi tuna swali moja ambalo limezoeleka mno hata halitushtui tena. Tukipewa kazi ya jamii yoyote iliyopata kutawaliwa na wageni, cha kwanza tunauliza: je, hii ni ya asili au imeingiliwa? Tukikuta humo msalaba, zaburi au jina la Yesu, wengi wetu hufunga daftari hapo hapo. Hukumu imekwisha kutoka: kasumba. Tukikuta mganga, mzimu au tambiko, tunapumua na kuandika pembeni: "utamaduni halisi". Katika semina zetu nimesikia mgawanyo huu ukitolewa kwa uhakika kabisa, kana kwamba kazi ya fasihi ni ungo wa mchele, ukipepeta tu pumba zinaruka zenyewe.

Katika makala hii ninakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, jinsi tunavyoliuliza, halitufikishi mbali. Mfano wangu ni wa Wacherokee, wenyeji wa Marekani. Nimewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni watu waliojitungia hati yao wenyewe, na kwa hati hiyo hiyo wakaandika nyimbo za kanisani na pia maneno ya waganga. Pili, kwa kuwa wako mbali nasi, huenda tukawasoma bila kugombania bibi na babu zetu. Hoja yangu ni kwamba mhakiki akikutana na mila na Ukristo katika kazi moja, aanze kwa kuuliza nani aliyeshika kalamu, aliandika kwa lugha ipi, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema maneno yale yana maana gani. Mengine yatafuata.

Historia kwa ufupi

Nchi ya asili ya Wacherokee ni milima ya Appalachia ya kusini, katika maeneo yanayoitwa leo Georgia, Tennessee, North Carolina na Alabama. Walikuwa na koo saba, na mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama yake. Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo Spring Place mwaka 1801, na baadaye wakafuata Wapresbiteri na Wakongregesheni, Wabaptisti na Wamethodisti.

Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini-mashariki kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Desemba 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia sahihi Mkataba wa New Echota na kuitoa nchi, bila idhini ya Chifu Mkuu John Ross wala ya wananchi walio wengi. Mwaka 1838 jeshi likawakusanya watu. Yapata watu 16,000 waliondolewa, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba 4,000 hivi walikufa kambini na safarini. Safari hiyo ndiyo inayoitwa Njia ya Machozi. Leo kuna mataifa matatu ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani: mawili makao yake ni Tahlequah, Oklahoma, na moja liko North Carolina, la wazao wa wale waliobaki milimani.

Hati iliyozaliwa nyumbani

Sasa tuingie kwenye kalamu yenyewe. Sequoyah alikuwa fundi wa fedha, hakujua kusoma Kiingereza. Aliona tu kwamba Wazungu wana karatasi zinazosema, akajiuliza kwa nini watu wake wasiwe nazo. Alianza kazi yapata mwaka 1809, na kufikia 1821 akawa amekamilisha alama 86, ambazo baadaye zilibaki 85. Kila alama inasimama kwa silabi. Sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu tunaelewa mara moja uzuri wa jambo hili: mwenye lugha akishazijua alama, basi amekwisha kujua kusoma. Watu walimcheka, wengine wakamshuku uchawi. Aliwashawishi kwa kumfundisha binti yake Ayoka, kisha wakasoma ujumbe mmoja mbele ya watu huku wakiwa wametenganishwa. Mwaka 1825 taifa la Wacherokee liliikubali hati hiyo rasmi.

Hapa ndipo nadharia yetu ya kasumba inapoanza kuyumba. Wakubwa wa misheni walikuwa tayari na tahajia nyingine ya herufi za Kilatini, iliyotayarishwa na mwanaisimu John Pickering. Lakini mmisionari Samuel Worcester aliona kwamba watu wenyewe wameshachagua, akawashauri wakubwa wake waifuate hati ya Sequoyah. Kwa hiyo neno la dini ya kigeni lililazimika kuvaa nguo iliyoshonwa na mtu asiyekuwa mwanafunzi wa misheni yoyote.

Tarehe 21 Februari 1828 lilitoka toleo la kwanza la Cherokee Phoenix mjini New Echota, gazeti la kwanza la wenyeji wa Marekani, kwa Kicherokee na Kiingereza. Mhariri wake, Elias Boudinot, alikuwa Mcherokee Mkristo. Mwaka 1829 Boudinot na Worcester walichapa kitabu cha nyimbo za Kikristo kwa Kicherokee. Jimbo la Georgia lilipotaka Wazungu wote wanaoishi katika nchi ya Wacherokee waape utii kwake, Worcester alikataa, akafungwa mwaka 1831 na kuhukumiwa miaka minne ya kazi ngumu. Mwaka 1832 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Georgia haikujali, na Worcester akaachiwa mwaka uliofuata tu.

Daftari la mganga na kitabu cha nyimbo

Kama hati hii ingebaki mikononi mwa makanisa peke yake, mwenzangu angeweza kusema: "Ni chombo cha misheni tu, hata kama kilitengenezwa nyumbani." Lakini sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1887 mtafiti James Mooney alifika kwa Wacherokee wa North Carolina, akakuta waganga wana madaftari yao, yameandikwa kwa mkono kwa hati ya Sequoyah. Mmoja wao ni A'yunini, aliyeitwa kwa Kiingereza Swimmer. Humo mlikuwa na maneno ya kutibu maradhi, ya kuwinda, ya kuvuta mapenzi, ya kujikinga. Jumla Mooney alikusanya kama 600, na baadhi akayachapisha mwaka 1891.

Hebu tumtazame mtu mmoja ambaye karatasi zake Mooney alizipata. Jina lake Inali, yaani Mbweha Mweusi, aliyefariki yapata mwaka 1880. Hakujua Kiingereza. Katika maisha yake aliwahi kuwa diwani, mtunza kumbukumbu za baraza, kiongozi wa shule ya Jumapili, mganga, ofisa katika jeshi la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mhubiri wa Kimethodisti. Mooney anamalizia kwa kusema kwamba alikufa katika imani ya wahenga wake.

Haya, mpepeteni Inali kwenye ungo! Mkono wake wa mhubiri ni upi na wa mganga ni upi? Tena angalieni sentensi ile ya mwisho: ni ya Mooney. Yeye ndiye aliyetafuta mwisho mzuri wa hadithi, kwamba mzee amerudi nyumbani. Huenda ni kweli. Ila kwa mhakiki ni muhimu kuona kwamba anayetuambia hivyo ni mtafiti aliyekwenda kutafuta mambo ya kale, na kwa hiyo alifurahi kuyakuta.

Jina la Mungu na wimbo wa njiani

Tukitoka kwa watu tuje kwenye maneno. Katika Biblia ya Kicherokee, ambayo Agano Jipya lake lilikamilika mwaka 1860, Mungu anaitwa Unetlanvhi. Katika maneno ya waganga aliyoyaandika Mooney, jina hilo ni la Jua, na yeye alilifasiri kuwa ni "mgawaji", yule anayepima na kugawa. Neno moja, basi, linasimama madhabahuni na pia katika daftari la mganga. Jambo hili si geni kwetu. Neno Mungu lilikuwapo kabla ya Biblia ya Kiswahili, na Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia katika tenzi zao kabla ya misheni. Mfasiri anapolichukua neno la namna hii anadhani amelibatiza. Lakini neno halisahau kwao. Msikilizaji mzee aliyeketi benchi la nyuma anasikia mambo mawili kwa pamoja, na hakuna mchungaji anayeweza kumzuia.

Mfano wa pili ni wimbo. Wacherokee wengi hadi leo huimba kwa lugha yao, kwa sauti ya "Amazing Grace", wimbo unaohusishwa sana na Njia ya Machozi. Mtu akiusikia atadhani ni tafsiri ya maneno ya John Newton, yule Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Kumbe sivyo. Maneno ya Kicherokee ni utungo mwingine kabisa: yanamzungumzia Mwana wa Mungu aliyelipa kwa ajili yetu na atakayerudi. Yule nafsi-mimi wa Newton, anayejitazama jinsi alivyokuwa na jinsi alivyo sasa, hayumo. Kwa hiyo ukihakiki wimbo huu kwa kutumia matini ya Kiingereza umekosea njia tangu mwanzo. Sauti ni moja, fani inafanana, lakini maudhui ni mbali. Tena maudhui hayo yaliimbwa na watu walionyang'anywa nchi. Mtu anayefukuzwa nyumbani kwake akiimba kuhusu kurudi kwa Bwana, neno "kurudi" linabeba mzigo ambao mtunzi wa kitabu cha mwaka 1829 huenda hakuupima.

Mto ni mfano wa tatu. Wacherokee walikuwa na ada ya kwenda majini alfajiri kujitakasa katika mto utiririkao. Mto waliuita Mtu Mrefu, kichwa chake kiko milimani na miguu iko chini kwenye tambarare, naye husema kwa mnong'ono ambao mganga huufasiri. Wabaptisti walipokuja na ubatizo wa kuzamisha mtoni, watu hawakuona kitu kigeni sana. Hata hivyo tusikimbilie kusema "ni kitu kile kile". Ubatizo hufanywa mara moja tu, na baada yake mtu anahesabiwa mpya. Kwenda majini hurudiwa maisha yote, kwa sababu uhusiano na mto hauishi. Mto ni ule ule, lakini dhana ya wakati ni mbili. Hapo ndipo penye kazi ya mhakiki.

Selu: hatari ya kufananisha

Kuna kosa lingine, kinyume cha lile la kasumba, nalo linawanasa zaidi wale wenye nia njema. Ni kuchukua kila kitu cha mila na kukigeuza kuwa kivuli cha Injili. Chukua ngano ya Selu, mama wa mahindi. Wavulana wawili walimchungulia ghalani, wakaona anavyotoa mahindi mwilini mwake, wakasema mama huyu ni mchawi, afe. Selu alijua walilolipanga. Kabla hawajamuua aliwaagiza wasafishe uwanja mkubwa na kuuburura mwili wake kuuzunguka mara saba, kisha wakeshe usiku. Wao wakasafisha vipande saba vidogo tu. Ndiyo maana, ngano inasema, mahindi hayaoti kila mahali, na ndiyo maana mkulima hana budi kutoka jasho.

Msomaji Mkristo ataruka mara moja: mwili uliotolewa, chakula kwa watu, mbegu inayokufa ardhini! Kufanana kupo, sikatai. Lakini tukiishia hapo tunakuwa tumeipoteza Selu. Kiini cha ngano hii ni wajibu uliofanywa nusu. Watoto walipewa maagizo, wakayafuata kivivu, na dunia nzima ikabeba matokeo. Mwandishi Marilou Awiakta, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu Selu, anaifanya ngano hii kuwa fundisho la heshima na kurudishiana: ukichukua, urudishe. Hakuhitaji kuifunika kwa vazi la kanisa ili ipate thamani.

Riwaya ya Diane Glancy

Riwaya ninayoiona imefaulu zaidi katika jambo hili ni Pushing the Bear ya Diane Glancy, iliyotoka mwaka 1996. Glancy, anayejitaja kuwa na asili ya Kicherokee kwa upande wa baba, huandika waziwazi kama Mkristo. Riwaya inafuata Njia ya Machozi kwa kutumia sauti nyingi: Maritole, mkulima na mama, mumewe Knobowtee, askari, wazee, na Mchungaji Bushyhead. Huyu wa mwisho ni mtu wa kweli katika historia. Jesse Bushyhead alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, Mcherokee, aliyeongoza kundi moja la wahamishwa, kama alivyofanya mmisionari Evan Jones kwa kundi jingine.

Maritole anahisi dubu asiyeonekana akimsukuma njiani. Katika masimulizi ya Wacherokee wako watu walioacha maisha ya binadamu wakawa dubu. Kwa hiyo dubu huyu si tamathali ya mapambo. Ni uzito, ni njaa, ni hasira, na pia ni ndugu wa zamani. Humo humo wahusika wanasali kwa Yesu, wengine wanamkataa, wengine wanauliza huyu Mungu wa askari ndiye wa Bushyhead au ni mwingine. Fani ya sauti nyingi inamsaidia mwandishi: hakuna msimulizi mmoja anayekaa juu na kutoa hukumu. Tena Glancy ameweka ndani ya matini maneno ya Kicherokee kwa hati ya Sequoyah. Msomaji asiyeijua anakwama mbele ya ukurasa, na kukwama huko ni maana pia. Ni mara chache msomaji wa Kiingereza hukumbushwa kwamba kuna chumba ambacho yeye hana ufunguo wake.

Hoja ya wenzangu

Sitaki kuonekana kwamba ninawasafisha wamisionari. Wenzangu wanaotilia shaka wana hoja nzito. Katika karne ya 19 na ya 20 shule nyingi za bweni za wenyeji wa Marekani, za serikali na za makanisa, ziliwaadhibu watoto kwa kusema lugha za mama zao. Boudinot mwenyewe, pamoja na kalamu yake yote, alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi ule mkataba wa 1835, akiamini hakuna njia nyingine, na mwaka 1839 aliuawa na Wacherokee wenzake kwa ajili hiyo. Baadhi ya matajiri wa Kicherokee walimiliki watumwa Waafrika, na wapo waumini waliolikubali jambo hilo bila kusumbuka. Kusoma, kuandika na kubatizwa hakukuwaokoa Wacherokee na Georgia, wala hakukumwokoa mtumwa na Mcherokee.

Lakini historia hiyo hiyo inatupa Chama cha Keetoowah, kilichoundwa yapata 1858 kwa kutiwa moyo na Evan Jones na mwanawe John. Wabaptisti wa Kicherokee na wafuasi wa mila waliketi humo pamoja, wakipinga utumwa na kutetea nchi yao. Mwishoni mwa karne hiyo Redbird Smith naye aliongoza wimbi la kurudia moto mtakatifu na ngoma za usiku. Mstari haukupita kati ya Mkristo na asiye Mkristo. Ulipita mahali pengine, na mara nyingi ulipita ndani ya mtu mmoja.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mwaka 2019 mataifa matatu ya Wacherokee yalitangaza hali ya hatari ya lugha. Wasemaji waliozaliwa nayo walikadiriwa kuwa kama 2,000 tu, wengi wao wazee, ingawa Cherokee Nation pekee ina raia zaidi ya 450,000. Katika hali hiyo, Agano Jipya na kitabu cha nyimbo ni miongoni mwa vitabu vya Kicherokee vilivyosomwa na watu wengi na kwa muda mrefu zaidi. Kwaya ya vijana ya Cherokee Nation, iliyoanzishwa mwaka 2000, huimba nyimbo hizo, na ni njia mojawapo ya kijana kuipata lugha mdomoni. Sasa aje mhakiki na ungo wake, aseme hizi ni pumba za kikoloni zitupwe. Atakuwa ametupa ghala pamoja na mbegu. Vivyo hivyo kwa mchungaji atakayesema daftari la mganga lichomwe. Tena hata sisi wasomaji tuna mpaka wetu: maneno ya uganga yaliandikwa na wenyewe kwa matumizi yao, na wapo Wacherokee wasiopenda yasambazwe. Kujua kwamba yapo kunatosha kwa hoja yangu, ndiyo maana sikunukuu hata moja.

Mimi nimelelewa na bibi aliyeimba kwaya Jumapili, na siku ya mavuno akamimina pombe kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Sijawahi kumsikia akisema kwamba ana maisha mawili. Semina zetu zingemgawa kabla hajamaliza sentensi.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba tunapohakiki kazi yenye dini na mila, tujiulize mambo matatu. Lugha ya kazi hii ni ya nani, na hati yake ilitoka wapi? Neno kuu la imani lilikuwa na maana gani kabla halijaingia kanisani au msikitini, na maana hiyo imekwenda wapi? Na anayetuambia "huyu alirudi kwenye mila" au "huyu aliokoka" ni nani, alitaka nini? Tukishayajibu hayo, ndipo turuhusiwe kutamka lile neno kasumba, kama bado litahitajika. Walimu wetu na wasomaji wenzangu, uwanja ni wenu.